Kigeu ni kitu kimoja au vitatu? Na kuchagua kunakifanya nini?

Daftari_la_Hesabu

Wakuu, salaam.

Naandaa maelezo ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaosoma Hisabati, kompyuta na takwimu kwa pamoja. Kuna mahali wanakwama wote, nalo ni neno kigeu.

Kwenye Hisabati wanaambiwa x ya 2x + 3 = 11 ni kigeu. Wanakokotoa, wanapata 4. Swali linakuja: kama ni 4 tu, imegeuka wapi?

Kwenye Python wanaandika x = x + 1 na mashine haigomi. Mwenye macho ya hesabu anatoa x pande zote mbili, anabaki na 0 = 1.

Kwenye takwimu kigeu ni safu nzima ya jedwali: umri, kaunti, alama. Ukifungua sura inayofuata unakuta X kubwa inaitwa kigeu nasibu, na x ndogo iko pembeni yake.

Halafu kuna kuchagua. if ya programu inachagua, SELECT ya hifadhidata inachagua, anayechukua sampuli anachagua, anayejenga regresheni (mlinganyo wa kukadiria kigeu kimoja kwa kutumia vingine) anachagua vigeu. Ni kuchagua kulekule?

Swali lililozua yote ni hili. Jedwali lina alama za Hesabu na za Kiswahili za waombaji wote, na alama hizo hazina uhusiano wowote. Ukibakiza waliofikisha jumla fulani tu, ghafla wenye Hesabu nzuri wanaonekana dhaifu kwenye Kiswahili. Hakuna namba iliyoguswa, mistari imepungua tu. Kinachotokea ni nini hasa?

Naomba mifano ya kukokotoa kwa mkono, si maelezo ya juu juu.

---

Mlinganyo

Mkuu, waambie kwanza waachane na wazo kwamba kigeu kinageuka. Kwenye Hisabati hakigeuki hata kidogo. Ni herufi iliyoshika nafasi, na maana yake inatoka kwenye neno lililoitangulia, ambalo mara nyingi mwandishi hakuliandika kwa sababu anadhani unalijua: "tafuta x", "kwa kila x", "ipo x", "x ni namba tuliyopewa".

2x + 3 = 11 ina "tafuta" mbele yake. Mlinganyo wenyewe ni chujio. Mimina namba zote, itabaki 4 peke yake. Chujio la x² = 9 linabakiza 3 na −3 ukimimina namba zote halisi, na 3 peke yake ukimimina namba chanya tu. x² = −1 haibakizi kitu mpaka uruhusu namba changamano. Kwa hiyo anayeuliza "jibu la mlinganyo huu ni lipi" bila kusema anachagua kutoka seti gani hajamaliza kuuliza. Hapa kuchagua na kukokotoa ni kazi ileile.

(a + b)² = a² + 2ab + b² ina "kwa kila". Hapo hakuna cha kutafuta, na mwanafunzi anayejaribu "kukokotoa a" hana kosa la hesabu, ana kosa la kusoma.

y = mx + c ndiyo inayowasumbua zaidi, kwa sababu herufi nne zina kazi tofauti na sura yao ni moja. Ukichora mstari, m na c zimetulia, x inatembea, y inafuata. Ukija kwenye takwimu mambo yanapinduka: x na y ziko kwenye daftari tayari, unazozitafuta ni m na c. Mlinganyo haujabadilika hata nukta.

Kisha vigeu vilivyofungwa. Jumla ya i kuanzia 1 hadi n ni n(n + 1)/2. Tazama jibu: i haimo. Ukiuliza i ni ngapi, umeuliza kitu kisichokuwepo. Kipimo cha kuwapa ni kubadilisha jina: ukiandika k badala ya i na maana ikabaki ileile, kigeu kimefungwa, maana ikibadilika, kiko huru. Kosa la kila siku linalotokana na hapo ni kuandika integrali ya f(x) dx kutoka 0 hadi x. Weka x = 5 uone: unapata f(5) d5, upuuzi mtupu. Andika f(t) dt, mpaka wa juu ubaki x.

Kuhusu herufi zenyewe: François Viète mwaka 1591 alizipa irabu namba zisizojulikana na konsonanti zinazojulikana. Descartes mwaka 1637 akaleta a, b, c kwa zilizotolewa na x, y, z kwa zinazotafutwa, ndizo tunazo hadi leo. Al-Khwarizmi katika karne ya 9 hakutumia herufi kabisa. Alichokitafuta alikiita shay', yaani kitu. Kwa maoni yangu jina hilo lina ukweli kuliko kigeu.

---

Fundi_Msimbo

Upande wa programu nitaanza na x = x + 1 maana ndiyo inayoumiza.

Alama ya = pale si ya usawa, ni amri. Isome kuanzia kulia: chukua thamani ya x ya sasa hivi, ongeza 1, kisha jina x lipewe jibu. Anayependa Hisabati mwandikie x₂ = x₁ + 1, atatulia mara moja, kwa sababu kilichokuwa kimefichwa ni wakati. Darasani tumia jedwali la kufuatilia: kila amri mstari wake, kila jina safu yake, unajaza thamani baada ya kila amri. Mwanafunzi akijaza jedwali la amri kumi bila kukosea, tatizo hilo limeisha.

Lawama ni za historia. Robert Recorde alichapisha = ya usawa mwaka 1557. Lugha ya programu ya Fortran ya 1957 ikaichukua kwa kupachika thamani. Algol ikakataa, ikatumia :=, na Pascal ikafuata. C ikarudi kwenye =, usawa ukapewa ==. Ndiyo maana kwenye C mtu akiandika if (x = 5) sharti linakuwa kweli daima: x inapewa 5, na 5 si sifuri. Python inalikataa kosa hilo kabla programu haijaanza. Kwenye lugha ya R wanaandika <- na ni alama nzuri kuliko zote, mshale unaonyesha kitu kinakokwenda.

La pili: walimu wengi husema kigeu ni sanduku. Kwa C na namba za kawaida ni sawa. Kwa Python ni uongo utakaomgharimu mwanafunzi siku ya kwanza atakapokutana na orodha:

a = [1, 2]
b = a
b.append(3)
print(a)

Inatoka [1, 2, 3]. Kama a na b ni masanduku mawili, 3 imeingiaje kwa a? Jibu ni kwamba orodha ni moja, ina lebo mbili. Ukitaka orodha mbili andika b = a.copy(). Sasa linganisha na a = 5, b = a, b = b + 1: a inabaki 5. Hapo namba 5 haikuguswa, lebo b imebanduliwa na kubandikwa kwenye 6.

Mlinganyo amesema i ya jumla haimo kwenye jibu. Python haina adabu hiyo. Ukizungusha for i in range(1, 6), kitanzi kikiisha i bado ipo na thamani yake ni 5. Ukiwa na i nyingine juu ya programu, imefutwa kimyakimya.

Kuchagua sasa. Böhm na Jacopini walionyesha mwaka 1966 kwamba programu yoyote inaweza kujengwa kwa mambo matatu: mfuatano, uchaguzi, marudio. Uchaguzi huo ni if, nao unachagua njia. Data yote bado iko palepale. Kwenye hifadhidata unachagua data yenyewe, na jina limewekwa mahali pasipo pake. Kwenye aljebra ya majedwali iliyotokana na kazi ya Edgar Codd ya 1970, uchaguzi ni kubakiza mistari. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ilipokuja, neno SELECT likapewa kazi ya kutaja safu, na mistari ikachaguliwa na WHERE. Anayejifunza vyote viwili muhula mmoja lazima achanganyikiwe, na hana kosa.

Mtego mkubwa wa WHERE ni nafasi tupu. Chukua jedwali la watu 100: 30 wanatoka kaunti namba 47, 60 wanatoka kaunti nyingine, 10 hawakujaza.

WHERE kaunti = 47 inaleta 30.
WHERE kaunti <> 47 (yaani si 47) inaleta 60.

30 na 60 ni 90. Wale 10 wamekwenda wapi? NULL, yaani nafasi tupu, ikilinganishwa na chochote, jibu si kweli wala si uongo, ni "haijulikani", na WHERE inabakiza kweli peke yake. Ongeza OR kaunti IS NULL. Kila mara unapogawa jedwali, jumlisha vipande uone kama vinarudi kwenye idadi ya mwanzo. Ni kazi ya nusu dakika.

Na usichague kwa usawa wa desimali. 0.1 + 0.2 == 0.3 inatoa uongo, kwa sababu mashine inahifadhi namba hizo kwa sehemu za mbili na 0.1 haiingii kamili. Chagua kwa tofauti iliyo ndogo kuliko, tuseme, 0.000001.

---

Sampuli_Nasibu

Mwalimu, wenzangu wamekupa msingi mzuri. Mimi nishike takwimu, kisha nimalize na lile swali la alama.

Kigeu cha takwimu si herufi iliyoshika nafasi, na si lebo. Ni swali moja linaloulizwa kwa kila aliyemo kwenye jedwali: una umri gani? unatoka kaunti gani? Kila mtu ana jibu moja. Kwa lugha ya Mlinganyo, hiyo ni funksheni: unaingiza mtu, inatoka thamani. Kigeu nasibu ni hivyohivyo, ila unaloingiza ni tokeo la bahati. Rusha dadu mbili: matokeo ni 36. X ni kanuni "jumlisha zote mbili". x ndogo ni namba iliyotoka. Ndiyo maana tunaandika P(X = 7) = 6/36 na haiwi upuuzi: tunahesabu ni matokeo mangapi kati ya 36 ambayo kanuni X inayapeleka kwenye 7.

Mwanafunzi wa aljebra ataumia hapa, na ni vizuri aumie mapema. Rusha dadu moja, uite X, kisha uandike X + X. Unapata 2X, namba shufwa tu kutoka 2 hadi 12. 7 haiwezekani kabisa. Sasa rusha dadu mbili, X₁ na X₂, zenye tabia moja. X₁ + X₂ inatoa 7 mara nyingi kuliko namba nyingine yoyote. Wastani ni 7 kote kuwili. Variansi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ya dadu moja ni 35/12. Ya 2X ni mara nne, yaani 35/3, karibu 11.67. Ya X₁ + X₂ ni mara mbili, 35/6, karibu 5.83. Kwenye programu kosa hilohilo linaonekana mtu anapoita namba ya bahati mara moja, akaihifadhi kwenye x, kisha akajumlisha x + x akidhani amerusha mara mbili.

Kabla ya kukokotoa chochote, uliza kigeu ni cha aina gani. Kaunti za Kenya zina namba 1 hadi 47, Mombasa ikiwa 1 na Nairobi 47. Wastani wa mkazi mmoja wa Mombasa na mmoja wa Nairobi ni 24, na 24 ni Pokot Magharibi. Kompyuta haitakuonya. Vilevile wanaojaza 99 kwa asiyetaja umri: umri wa 20, 25, 30 na 99 una wastani wa 43.5, wakati waliojibu wana wastani wa 25.

Sasa alama. Acha waombaji, chukua dadu mbili, a ni Hesabu, b ni Kiswahili. Jozi 36, hakuna uhusiano hata chembe: a ikiwa yoyote, wastani wa b ni 3.5. Bakiza zenye jumla ya 9 kwenda juu:

a = 3: b ni 6 tu. Wastani 6.
a = 4: b ni 5, 6. Wastani 5.5.
a = 5: b ni 4, 5, 6. Wastani 5.
a = 6: b ni 3, 4, 5, 6. Wastani 4.5.

Jozi 10 zimebaki, na mstari umenyooka kuelekea chini: kila a inapopanda moja, wastani wa b unashuka nusu. Kipimo cha uhusiano kilikuwa 0, sasa ni −0.5 kamili. Hakuna dadu iliyomwambia mwenzake kitu. Aliye na a ndogo ameingia kwa sababu b yake ilimbeba. Wenye a ndogo na b ndogo wako nje ya chumba, huwaoni.

Linganisha na kuchagua kwa a peke yake: bakiza a kuanzia 4. Jozi 18, na kwa kila a wastani wa b ni 3.5 kama zamani. Kwa hiyo kuchagua si kosa. Kinacholeta balaa ni sharti la kuchagua kugusa vigeu vyote viwili unavyotaka kuvilinganisha, au kugusa kile unachotaka kukieleza. Berkson aliliandika jambo hili mwaka 1946 kwa wagonjwa wa hospitali: magonjwa mawili yasiyohusiana yanaweza kuonekana yanahusiana ukiwaangalia waliolazwa tu, kwa sababu kila ugonjwa peke yake unaweza kumlaza mtu.

Na wingi hauponyi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest huko Marekani lilituma kadi za maoni karibu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Waliopelekewa kadi walitoka kwenye orodha kama za wenye simu na wenye magari, na waliojisumbua kurudisha ni kundi jingine tena ndani ya hilo.

---

Daftari_la_Hesabu

Asante sana wakuu. Mfano wa dadu unaingia darasani kesho.

Swali la nyongeza: kama data imeshachaguliwa, mtu anafanyaje? Anaitupa? Na ile ya kuchagua vigeu vya regresheni bado haijaguswa.

---

Sampuli_Nasibu

Inategemea kama unajua kila mmoja alikuwa na nafasi gani ya kuingia. Ukijua, mpe kila aliyeingia uzito wa moja gawanya kwa nafasi yake. Horvitz na Thompson waliliweka sawa mwaka 1952.

Mfano: kaya 900 za kijijini, 100 za mjini. Umechukua 50 na 50. Wastani wa kitu unachopima ni 4 kijijini na 10 mjini. Ukijumlisha ovyo unapata 7. Nafasi ya kaya ya kijijini ni 50/900, uzito wake 18. Ya mjini ni 50/100, uzito 2. Kokotoa: (50 × 18 × 4 + 50 × 2 × 10) / 1000 = 4600/1000 = 4.6. Hakikisha uzito wote ukijumlishwa unarudi 1000. Usiporudi, nafasi umezikosea mahali.

Dawa hiyo haifanyi kazi pale nafasi ni sifuri. Dadu zenye jumla chini ya 9 hazina hata mwakilishi mmoja, na sifuri huigawii kitu. Njia ya Heckman ya 1979 inajaribu kuunda mlinganyo wa pili unaoeleza nani aliingia, ila inadai dhana nzito kuhusu umbo la makosa, na inahitaji walau kigeu kimoja kinachogusa kuingia bila kugusa jibu. Bila kigeu hicho matokeo yanayumba sana. Mimi ningependa kurudi kwenye orodha ya waombaji wote kuliko kuitegemea.

---

Kokotoo

Naongeza la regresheni, maana Sampuli kazungumzia mistari na safu nazo zina mambo yake.

Ukiwa na vigeu 20 vya kuchagua, mifumo inayowezekana ni 2 kwa kipeo cha 20, yaani 1,048,576. Tuseme vyote 20 ni kelele tupu na kila kimoja unakipima peke yake kwa kiwango cha 5%. Uwezekano wa angalau kimoja kuonekana "kina maana" ni 1 − 0.95²⁰, karibu 0.64, vipimo vikiwa havitegemeani. Yaani kukosa kitu cha kuripoti ndiyo bahati. Njia ya hatua kwa hatua, ya kuingiza kimoja kutoa kingine, inafanya hivyo mara nyingi, halafu inachapisha thamani za p (uwezekano wa kelele tupu kutoa tokeo kubwa kama hilo au zaidi) kana kwamba vigeu vilichaguliwa kabla data haijaonekana. Data iliyochagua haiwezi tena kuwa hakimu wa ilichokichagua.

Utaratibu ninaoutetea: gawa data kwanza, kwa mfano 60 kwa 40, funga ile 40. Chagua vigeu kwenye 60. Kisha fungua 40 mara moja tu, kadiria upya, ripoti hizo. Kosa linalorudi kila mara ni kuchagua safu kwa data nzima na ndipo kugawa. Kwa nje inaonekana imepimwa. Kwa ndani mtihani ulivuja.

Ukitumia LASSO, njia ya Tibshirani ya 1996 inayochagua vigeu kwa kuadhibu vizidishi, sawazisha vipimo kabla: toa wastani, gawa kwa mchepuko sanifu. Adhabu yake inaangalia ukubwa wa kizidishi, na urefu ukiwa kwa mita kizidishi ni mara 100 ya kile cha sentimita. Kubadili tu kipimo kunaweza kukifukuza kigeu.

Na sasa kiungo ambacho mwalimu alikuwa anakitafuta. Chukua dadu zote 36, usifute mstari hata mmoja. Weka regresheni ya b ukiwa na vigeu huru viwili: a, na jumla a + b. Kizidishi cha a kitatoka −1 kamili, kwa sababu b ni jumla kutoa a. Bila safu ya jumla kilikuwa 0. Kwa hiyo kuingiza safu isiyofaa kunafanya kilekile kinachofanywa na kufuta mistari isiyofaa. "Tumedhibiti kila kitu tulichokuwa nacho" si sifa.

---

Mlinganyo

Dokezo fupi, kwa kuwa kuchagua kumetajwa kana kwamba Hisabati haina kwake. Zermelo mwaka 1904 aliliweka wazi jambo hili: ukiwa na seti nyingi zisizo tupu, unaweza kuchukua kitu kimoja kutoka kila seti? Zikiwa chache, ndiyo. Zikiwa hazina mwisho, Russell alileta viatu na soksi: kwa jozi za viatu zisizo na mwisho unasema "cha kushoto", umemaliza, kwa soksi hakuna kanuni ya kusema, na unahitaji aksiomu ya uchaguzi, yaani kukubali bila uthibitisho kwamba uchaguzi huo upo. Kwa wanafunzi wa kidato cha sita inatosha kusema hivi: sharti kama "x² = 9" ni kuchagua kwa kanuni, "chukua yoyote" ni kuchagua bila kanuni.

Na maneno, mwalimu. Nashauri neno kigezo usilitumie kwa vigeu kabisa. Liachie sharti la kuchagua. Kwa 2x + 3 = 11 sema kisichojulikana. Kwa m na c sema parameta. Kigeu kibaki kwa safu na kwa X.

---

Fundi_Msimbo

Naunga mkono. Kwa Python mimi husema jina, na maswali ya sanduku yanaisha. Na kitenzi kuchagua kivunjevunje: tawi kwa if, kuchuja kwa WHERE, kutaja safu kwa SELECT. Anayesema "nilichagua data" muulize: ulichuja mistari au ulitaja safu?

---

Daftari_la_Hesabu

Nimejaribu dadu kwa jumla ya 10 kwenda juu. Jozi 6 zimebaki, wastani wa b ni 6, 5.5, 5. Bado inashuka nusu nusu, na kipimo kimetoka −0.5 tena. Ni bahati?

---

Sampuli_Nasibu

Si bahati. Kwa mpaka s, b iliyobaki inaanzia s − a hadi 6, wastani wake ni (s − a + 6)/2. Tazama a ina alama ya kutoa na imegawanywa kwa 2, basi. Ni kweli kwa s yoyote kuanzia 7 hadi 11. Kwa 12 inabaki jozi moja tu. Shusha mpaka uwe 5 uone kinavyovunjika: wastani ni 5, 4.5, 4, kisha 3.5, 3.5, 3.5, kwa sababu a ikifika 4 hakuna b inayochujwa tena.